Kezilahabi na Nchi Iliyo Angani

Mimi ni mtu wa Kikwe, kule kusini mwa barabara kuu ya Moshi–Arusha, ambako asubuhi ukigeuka kaskazini unauona Mlima Meru wote kabla mawingu hayajaukamata. Meno yangu ni ya kahawia. Watu wa Dar wakiniona wanadhani ni mvuta sigara sugu, na mimi sijavuta hata siku moja. Ni maji. Maji ya huku chini ya Meru, Maji ya Chai na vijiji vingi jirani, yana floraidi kupita kiasi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaota, hutoka na rangi hiyo, na wengine hata mifupa ya miguu hupinda. Ndivyo tulivyo. Ukikutana na mtu ugenini akacheka tu, unajua huyu ni wa kwetu.

Nimeanza na meno kwa sababu hadithi yangu ya kwanza ilihusu meno. Ilikuwa hadithi ya miaka mia moja ijayo. Kikwe ina mtambo mkubwa wa kusafisha maji, watoto wote wana meno meupe pe, na kijana mmoja anaokota picha ya zamani ya babu wa babu yake akicheka. Hajui yale meno yana nini. Anakwenda kuuliza mashine inayotunza kumbukumbu za kijiji, na mashine inakataa kumjibu, maana walioijenga hawakutaka ijulikane nani alijua habari ya maji yale na akanyamaza. Basi niliipeleka kwenye shindano moja la hadithi fupi. Ikarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: mambo ya mashine na miaka ijayo tuwaachie Wazungu, wewe andika maisha yetu.

Niliumia, bwana. Kukataliwa nimekuzoea, kila mwandishi chipukizi anakujua. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikaa kijiweni na washikaji wawili wanaoandika kama mimi, tukajaribu kutaja mwandishi mmoja tu wa Kiswahili aliyeandika dunia isiyokuwapo, akaandika kwa makini, akiwa amejua anachofanya. Tulitaja wapelelezi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Bastola tunazo nyingi. Lakini kesho? Sayari nyingine? Mwisho wa dunia? Kimya.

Nikaanza kutafuta. Makala hii ndiyo niliyoyapata huko, na itazunguka zaidi kwa mtu mmoja: Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa mtunzi wa riwaya na mshairi, na wakati huohuo mhakiki wa sanaa ya maneno. Najua kuna msomaji atakayeguna hapa. "Kezilahabi na roketi wapi na wapi?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Tutafika.

Mtu wa Ukerewe

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1970. Alifundisha sekondari kidogo, halafu akarudi chuoni kufundisha.

Mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Nadhani kila mtu aliyepitia sekondari amesikia habari zake, japo kwa kuambiwa asikisome. Ni habari ya msichana aliyebanwa mno na baba nyumbani, akaenda shule akiwa hajui lolote la dunia, dunia ikamla. Kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda. Mtunzi alikuwa na miaka ishirini na saba tu.

Kisha vikafuatana kama mvua za masika. Kichwamaji mwaka 1974, na mwaka huohuo diwani ya Kichomi. Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Gamba la Nyoka mwaka 1979. Ukivisoma kwa mpangilio huo unaona kitu. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji naye anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa. Gamba la Nyoka linaingia katika vijiji vya ujamaa na kuuliza maswali ambayo mwaka 1979 hayakuwa rahisi kuulizwa kwa sauti. Yote hayo yameandikwa kwa macho makavu: vijiji vinavyoonekana, shule, baa, ofisi, mashamba. Ndiyo "maisha yetu" yenyewe ambayo yule bwana wa kalamu nyekundu aliniambia niyaandike.

Halafu mtu huyu akanyamaza kama mtunzi wa riwaya kwa miaka kumi na mmoja. Alipotoka kwenye ukimya ule mwaka 1990 alikuja na kitabu chembamba kinachoitwa Nagona, na mwaka 1991 kikafuata kingine chembamba, Mzingile. Humo hakuna baa wala ofisi, na hata nchi haitajwi. Wasomaji wengi walishika kichwa. Mimi nataka kujua nini kilitokea katikati, na naamini jibu liko katika kazi yake ya pili, ya uhakiki.

Mhakiki anarudi Kusadikika

Uhakiki wa Kezilahabi ulianza kwa ugomvi. Zamani hizo ushairi wa Kiswahili ulikuwa na sheria zake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuziandika katika kitabu mwaka 1954: vina viwepo, mizani itimie, beti zikae sawa. Kezilahabi katika Kichomi akaleta mashairi yasiyo na vina wala mizani, na katika utangulizi akayatetea, akisema anataka lugha ambayo watu wanaitumia wanapozungumza kila siku. Moto ukawaka. Washairi wa mapokeo walisema haya si mashairi ya Kiswahili, ni mambo ya kuiga Wazungu. Msomaji, umeyasikia maneno hayo? Ni ya kalamu nyekundu yaleyale, miaka mingi kabla sijazaliwa.

Lakini angalia alivyofanya. Badala ya kukaa akilalamika, alikwenda kusoma wakubwa zake. Tasnifu yake ya shahada ya pili, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert! Yule tunayefundishwa kuwa mzee wa mapokeo na maadili mema. Na ukitaka kumsoma Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya huwezi kulikwepa Kusadikika, lililotoka mwaka 1951, ambalo jalada lake tu linakuambia kwamba ni habari ya nchi iliyo angani.

Mimi nilisoma Kusadikika shuleni kama dawa, kijiko asubuhi kijiko jioni, kwa ajili ya mtihani. Nilipolirudia kwa sababu ya Kezilahabi niliona kitabu kingine kabisa. Nchi inaelea hewani, haikushika ardhi popote. Kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa ya dunia nyingine. Kila mmoja alirudi na ujuzi, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Ukiulizwa hiyo ni hadithi ya namna gani, utajibu nini? Mtu anasafiri kwenda dunia nyingine, anarudi na habari ya mambo yanayoweza kuwa mengine kabisa, wakubwa wanakataa kusikia. Ukiondoa injini, roketi nzima imebaki pale.

Shaaban Robert alikuwa na sababu ya kupanda juu. Mwaka 1951 alikuwa mtumishi mdogo wa serikali ya Mwingereza. Kusema juu ya ardhi kwamba watu wanahukumiwa bila kuijua sheria kungemletea matatizo, basi akaiweka nchi angani akasema palepale.

Hapa naomba nitoke kidogo nirudi nyumbani, maana mwaka huo wa 1951 una maana yake kwetu Wameru. Ndio mwaka ambao Waingereza waliwaondoa kwa nguvu watu kiasi cha elfu tatu kule Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa walowezi. Wakaambiwa wahamie Kingori. Wazee wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege kwenda New York kuusemea mlima mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwanakijiji wa Meru mwaka 1952 kwenda New York! Kwa wazee waliobaki huku ilikuwa sawasawa na kumtuma mtu mbinguni. Na kama wale wajumbe wa Kusadikika, alirudi na maarifa mengi kuliko alivyorudi na ardhi. Shaaban Robert alikuwa hajui habari hizi wakati anaandika, lakini nikisoma vitabu hivyo na historia hiyo pamoja sikubali tena kuambiwa kwamba hadithi za kwenda dunia nyingine si zetu.

Miaka kumi na mmoja

Baada ya Gamba la Nyoka, Kezilahabi alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake aliiandika kwa Kiingereza, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kwa lugha ya kijiweni, swali lake lilikuwa hivi: kwa nini tukishika kazi ya mwandishi wetu tunakimbilia kuipima kwa mizani iliyotengenezwa kwingine? Na je, ndani ya visasili vyetu, ngoma zetu na mafumbo ya wazee, hakuna namna ya kufikiri ambayo mhakiki angeweza kuanzia pale?

Tazama sasa hali ya mtu huyu mwaka 1985. Kama mhakiki amekwisha kusema kwamba mizani ni mibovu. Lakini kama mtunzi, riwaya zake nne zote zimeandikwa kwa namna ambayo mizani ileile inazipima vizuri tu: mhusika, kijiji, mgogoro, kifo. Mhakiki amemtangulia mtunzi. Mimi naamini, na hii ni rai yangu, kwamba Nagona na Mzingile ndipo mtunzi alipomfikia mhakiki wake. Alijitungia kile alichokuwa anakitafuta kwa wengine.

Ukifungua Nagona, kuna mtu anatembea. Anafika kwenye mji uliokufa, wenye ukimya. Humo anawakuta wakubwa wa fikra za dunia, akina Socrates, Darwin, Marx na Freud, wamekaa kama watu waliomaliza maneno. Kuna paa anayeonekana na kupotea, kuna Ngoma Kuu inayongojwa, kuna ukombozi unaosemwa kwa mafumbo. Mzingile nacho kinaanza na mzee wa ajabu, Kakulu, ambaye hata kuzaliwa kwake si kwa kawaida, na kinatupeleka katika dunia iliyokwisha kuharibiwa, ambayo mtu anatembea ndani yake akitafuta pa kuanzia upya. Jina lenyewe maana yake ni njia za kuzungushana, ukiingia hujui pa kutokea.

Sasa nakuomba ukumbuke miaka yenyewe. Ukuta wa Berlin umeanguka mwaka 1989. Mwaka 1991 Umoja wa Sovieti unavunjika. Kwetu Mwalimu amekwisha kung'atuka urais mwaka 1985, masharti ya mashirika ya fedha yameingia, na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoandikwa hapahapa mjini kwetu, linawekwa kando polepole. Kwa kizazi cha Kezilahabi dunia moja ilikuwa imekwisha. Kijiji cha ujamaa alichokiandika mwaka 1979 hakikuwapo tena cha kuandikiwa. Unaandikaje mwisho wa dunia kwa macho makavu ya Gamba la Nyoka? Alichofanya ni kile alichokijua kwa Shaaban Robert tangu mwaka 1976: ukishindwa kusema ukiwa ardhini, panda juu.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilishindwa na Nagona. Nilifika nusu nikakitupa juu ya kabati. Mara ya pili tulikisoma watatu, kwa sauti, jioni tatu mfululizo, mmoja akisoma na wawili wakibisha. Hapo ndipo kilipofunguka, maana kumbe ni kitabu cha kubishania. Mwenzetu mmoja aliyesoma sayansi ndiye aliyesema jambo ambalo sijalisahau. Alituonyesha mlima. Alisema, "Nyie mnashangaa dunia kuisha? Hii mnayokalia imewahi kuisha." Ni kweli. Maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wa Meru ulibomoka wote, mawe na tope vikashuka vikafunika nchi. Mara ya mwisho mlima ulitoa moto mwaka 1910. Na maji yetu yanayotia meno rangi ni mabaki ya moto huohuo. Tunalima mahindi na maharage juu ya mwisho wa dunia, halafu tunaambiwa hadithi za mwisho wa dunia ni za kigeni.

Roketi ya Mkangi

Nimeahidi roketi. Iko Kenya, kwa Katama Mkangi.

Mkangi alizaliwa mwaka huohuo wa Kezilahabi, 1944, pwani ya Kenya. Alikuwa mwanasosholojia, akifundisha chuo kikuu Nairobi, na alikwisha kutoa riwaya za Ukiwa mwaka 1975 na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986, enzi za Rais Moi, aliwekwa kizuizini pamoja na wasomi wengine bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 akatoa Walenisi.

Humo Dzombo anahukumiwa kifo, na namna ya kuuawa ni kufungiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa. Basi anarushwa. Lakini Dzombo hafi. Anakimudu kile chombo, anafika katika nchi ya Walenisi, watu wanaoishi kwa usawa, na huko anajifunza walifikaje hapo. Ukilitamka jina polepole unalisikia: wale ni sisi. Ni sisi wenyewe kama tungeamua.

Mimi niliposoma hukumu ile ya Dzombo nilimwona Karama wa Kusadikika kizimbani. Miaka arobaini na minne imepita kati ya vitabu hivyo viwili, na bado safari ya angani ya Mswahili inaanzia mahakamani. Kwa wenzetu wa Ulaya mara nyingi huanzia maabara: mwanafunzi kijana wa Mary Shelley katika Frankenstein ya mwaka 1818 anajaribu kuumba mtu. Kwetu huanzia kwa hakimu. Nadhani ndiyo sababu hatuzitambui hadithi zetu za namna hii hata tukizishika mkononi. Tunatafuta mashine, na mtunzi ameanza na kesi. Mkangi alifariki mwaka 2004, na kitabu chake ndicho ninachowapa watu wanaoniambia Kiswahili hakina riwaya za sayansi ya kubuni. Wengine hawajanirudishia.

Na njia haikufungwa. Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya, ambaye naye ni mhakiki na mtunzi kwa pamoja, alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002 na mwaka 2003 akatoa Kamusi ya Fasihi. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, mtunzi na mwalimu wa fasihi, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambamo mfu anamrudia aliye hai na kumwonyesha mambo. Utaona tena: huyohuyo anayeandika dunia ya ajabu ndiye anayeshika chaki kufundisha namna ya kusoma. Hata ughaibuni ni hivyo. Stanisław Lem wa Poland aliandika Solaris mwaka 1961, kisha akaandika uhakiki mzito wa hadithi za sayansi. Samuel Delany wa Marekani, mtunzi wa hadithi hizohizo, aliishia kuwa profesa na mhakiki. Nadhani sababu ni rahisi. Anayeandika kitu ambacho watu hawajazoea hulazimika kumtengeneza na msomaji wake.

Bei yake

Lakini nisikudanganye kwamba ni njia ya raha. Rosa Mistika hata leo watu wanaijua, wengine kwa uvumi tu. Ukitaja Nagona mjini Arusha utaulizwa kama ni jina la mtu. Vitabu vile viwili vilitolewa na Dar es Salaam University Press, shirika la chuo, na mimi nimevipata kwa kuazima, siyo kwa kununua. Kezilahabi mwenyewe mwaka 1995, mwaka uleule wa Walenisi, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Baada ya Mzingile hakutoa riwaya nyingine. Mwaka 1999 ilichapishwa tamthilia yake Kaptula la Marx, aliyokuwa ameiandika miaka mingi nyuma, na mwaka 2008 diwani yake ya mwisho, Dhifa. Mwaka 2015 baadhi ya mashairi yake yalitoka Marekani kwa tafsiri ya Annmarie Drury. Alifariki tarehe 9 Januari 2020.

Siku ile redio ilipotangaza nilikuwa ndani ya Hiace kutoka mjini. Abiria mmoja, mama wa makamo mwenye kapu la nyanya, akasema, "Huyo si ndiye aliyeandika kile kitabu kibaya?" Nikamwambia, "Ndiye, mama, shikamoo." Nilitaka kuendelea, kumwambia kuna vingine, lakini tulikuwa tumekwisha kufika Usa na akateremka. Nimelifikiria sana tukio lile. Mtu amefanya kazi karibu miaka hamsini, na abiria anamkumbuka kwa kitabu cha kwanza. Je, ningekuwa mimi ningekubali?

Hilo ndilo swali ninalowaachia waandishi wenzangu, na silijibu kwa niaba yenu. Kezilahabi angeweza kuandika Rosa Mistika nyingine tano na kila mtu angefurahi. Alichagua kuandika kitabu ambacho wasomaji wake walikuwa bado hawajawa tayari, na akatumia nusu nyingine ya maisha yake kuwafundisha kusoma. Wengi hatukufundishika haraka. Jioni tatu za kijiweni ndizo zilizonifikisha mimi.

Kurudi Kikwe

Sasa nirudi kwa yule bwana wa kalamu nyekundu. Sina kinyongo naye, na huenda alikuwa na vitabu mia vya kusoma usiku ule. Lakini jibu ninalo.

Kule Ngurdoto, juu ya barabara, kuna kituo cha utafiti ambako wamekuwa wakiondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Jirani zetu, Nambala, kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, na mwaka 2015 mhandisi wake mmoja, Askwar Hilonga, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia chembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Mambo ya mashine na miaka ijayo yako umbali wa bodaboda kutoka nyumbani kwetu. Na meno yangu bado ni ya kahawia. Kati ya chujio lile na kinywa changu kuna nini? Nani alijua, tangu lini, na kwa nini lilichukua muda wote huu? Ukishauliza hivyo uko mahakamani tayari, pamoja na Karama na Dzombo, na ukitaka kusema yote pengine itakubidi upande juu kidogo.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Safari hii ile mashine ya kumbukumbu haikatai kujibu. Inashtakiwa. Kijana wa meno meupe anakaa kwenye benchi la mbele akisikiliza, na shahidi wa kwanza kuitwa ni ile picha ya mzee anayecheka. Sijui itakwenda wapi. Washikaji wangu wawili wamekwisha kuisoma, na mmoja ameniambia mwisho haueleweki. Nimemwambia tuisome tena kesho jioni, kwa sauti, na aje na hoja.

Wewe nawe, mwandishi mwenzangu, kama una hadithi ya namna hii imelala chini ya godoro kwa sababu mtu alikuambia si yetu, itoe. Anza na Kusadikika, halafu mtafute Kezilahabi wa 1990. Usisome peke yako.